Kiwanja cha Mwigizaji

Nkubu, Meru
14 Februari 1969

Kwako Ninian, mugiciaro wangu, ndugu yangu wa kuchanjiana,

Jumamosi iliyopita mimi na mke wangu Gacheri tulisafiri mpaka Embu kuitazama ile picha tuliyoigiza mwaka juzi. Mwalimu mwenzangu alikuwa ametuambia kwamba imefika na inaonyeshwa ukumbini siku mbili tu. Gacheri alivaa viatu vya harusi. Tuliketi mbele kabisa pamoja na watoto wa shule, shingo zikatuuma, tukangoja kuniona mimi.

Ninian, mimi simo. Mgongo wangu ndio umo. Pale DC anapowahutubia watu kuna mgongo upande wa kushoto, wenye shati la kaki, na Gacheri aliutambua kwa sababu kile kiraka alikishona yeye. Wewe umo. Unafungua mlango, unasema, "Wamefika, bwana," unafunga mlango. Baadaye uko juu ya farasi, na farasi mwenyewe anaonekana hakutaki. Watu wa Embu walicheka sana hapo. Niliwageukia nikawaambia huyo wanayemcheka ni ndugu yangu, wakazidi kucheka.

Lakini pale penyewe hapamo. Nasema pale Kibirichia, wewe ukiwa karani wa DC na mimi nikiwa mwana wa chifu, tulipochanjiana. Sehemu hiyo wameikata yote. Safari nzima ya kurudi nilikuwa namweleza Gacheri jinsi ambavyo pangekuwa, naye akaniambia ninyamaze, ameshaona kwa masikio.

Nilidhani Mzee Kinyua atasikitika. Hakusikitika hata kidogo. Unakumbuka mwongozaji wa picha alimwomba atuchanje kwa mchezo tu, mzee akaitikia ndiyo, ndiyo. Kisha akachinja mbuzi wa kweli, akatuchanja kweli, tukala ini lenye damu ya kila mmoja wetu, na maneno akayasema yote bila kupunguza hata moja. Mwongozaji alipotaka turudie kwa sababu wingu lilipita, mzee alifuta kisu chake akaenda zake. Sasa ameniambia hivi: "Mimi sijui kuchanja watu kwa mchezo. Ningejifunzia wapi? Wao wakate picha yao. Nyinyi mmeshakuwa giciaro."

Basi nakukumbusha sheria zake, maana uliondoka haraka. Ndugu wa giciaro hamdanganyi mwenzake. Na mwenzake akimwomba kitu, hakatai. Akivunja, mabaya humpata yeye au mtu wa nyumbani kwake. Ni hizo mbili tu.

Uliniambia kwamba wazazi wako wamekwisha kufa, huna ndugu, na ile nyumba ya misheni ulikozaliwa huku kwetu siku hizi ni stoo ya mahindi. Nimekupimia kiwanja. Hatua ishirini kwa kumi na tano, juu ya migomba, mahali ambapo asubuhi mlima unaonekana wote. Nimeweka mawe kwenye pembe nne. Ukichoka na kazi ya kuwa watu wengine, njoo ujenge.

Gacheri anakusalimu. Anauliza kama yule farasi alikuuma.

Mimi,
Mutembei


Glasgow
2 Aprili 1969

Ndugu yangu Mutembei,

Hakuniuma, aliniangusha. Hilo nalo walilikata, kwa hivyo mwambie Gacheri asiwalaumu kwa kila kitu.

Unisamehe Kiswahili changu. Nilikijua katika karakana ya baba, na maneno mengi niliyo nayo ni ya randa, misumari na gundi. Kimeru changu kilibaki cha mtoto wa miaka kumi na minne. Nikikuandikia kwa Kimeru utadhani naomba uji.

Picha ilikuwa ndefu, wakaangalia saa wakakata. Mwongozaji aliniandikia kwamba tulikuwa wazuri mno, ila hatukuisogeza hadithi mbele. Nimesikia maneno hayo maisha yangu yote. Unashangaa kwamba nafungua mlango tu, lakini hiyo ndiyo kazi yangu. Kuna waigizaji ambao watu hununua tiketi ili wawaone, na kuna sisi tunaoleta habari. Mimi ndimi daktari anayesema mgonjwa hatapona. Mimi ndimi polisi, mchungaji, mlevi, baba wa bibi harusi. Mwaka jana peke yake nimekufa mara tisini na sita, na Jumamosi nilikuwa nakufa mara mbili. Uso wangu watu wanaujua, jina hawalijui. Juzi mama mmoja alinisimamisha dukani akaniambia lile bomba nililomtengenezea limeanza kuvuja tena. Nilimwambia nitapita Alhamisi. Ningefanya nini?

Barua yako ilinikuta Dundee, katika chumba cha kupanga. Niliisoma mara mbili, kisha nikatoka barabarani nikahesabu hatua ishirini, nikapinda kwenye kona, nikahesabu kumi na tano. Ni pakubwa, Mutembei. Kwa muda wa miaka kumi na tisa nimelala kwenye vyumba vya watu na sanduku chini ya kitanda. Sikujua kama kuna mtu angeweza kunipimia mahali.

Sheria nimezikubali, zote mbili. Nitakuja mkataba huu ukiisha.

Ninian


Nkubu
20 Agosti 1976

Mugiciaro wangu,

Mikataba yako haiishi. Nimehesabu barua zako, ni kumi na moja, na katika kila barua kuna mkataba mmoja umebaki. Huku sasa "mkataba wa Ninian" ni msemo. Mwalimu mkuu akiahidi kununua madawati, wenzangu hunikonyeza.

Mzee Kinyua alifariki mwezi wa Aprili. Alikuwa akiuliza habari zako. Alikuwa anataka kujua kama bado unakufa.

Watoto wanakua. Thuranira ana miaka kumi na anajua kila kitu. Makandi ana saba na anadhani Skotlandi ni kijiji kilicho nyuma ya mlima, kwa sababu nilimwonyesha kwa kidole. Gacheri amepanda maharagwe kwenye kiwanja chako. Alisema ardhi hailali bure ikimngoja mwanamume, hata akiwa ndugu. Lakini akipalilia hupita mbali na mawe, na majirani wakiuliza mpaka ule ni wa nani, yeye ndiye huwajibu kabla yangu.

Sasa unielewe vizuri. Sikuombi uje. Nikiomba huwezi kukataa, na sitaki kumvuta ndugu yangu kwa kamba. Katika miaka hii yote sijakuomba kitu hata kimoja, wala wewe hujaniomba, na mimi naiona hiyo kuwa ni adabu kati yetu. Nauliza tu, kama mtu anavyouliza kuhusu mvua. Utakuja?

Mutembei


Glasgow
11 Januari 1977

Ndugu yangu Mutembei,

Nimesikitika kwa ajili ya Mzee Kinyua. Mikono yake ilikuwa mikavu, na hakutetemeka hata kidogo. Waongozaji wote niliowahi kufanya nao kazi walitetemeka.

Nisikilize kwanza kabla hujanicheka. Nimepewa mfalme. Si mtu wa kumletea mfalme barua, ni mfalme mwenyewe, mwenye taji na wazimu na binti wasiomtii, hapa Glasgow, kwa wiki kumi na moja. Nina maneno mengi kuliko niliyosema katika maisha yangu yote ya jukwaani nikiyajumlisha. Nayasema nikitembea, nikinyoa, nikipika mayai. Mwenye nyumba amegonga ukuta mara mbili.

Unaona basi kwamba sasa siwezi kuondoka. Mtu akishakuwa mfalme mara moja wanamkumbuka. Baada ya hii kuna televisheni, wametaja daktari wa kijijini. Nikimaliza hizo mbili nitakuja kama mtu, si kama mgeni mwenye sanduku moja. Nitakuja na kitu mkononi.

Mwambie Gacheri maharagwe ni mazuri kwa ardhi. Baba alikuwa akisema hivyo.

Ninian


Nkubu
3 Machi 1977

Mugiciaro wangu, mfalme,

Nilisoma barua yako kwa sauti katika chumba cha walimu. Wale waliokuwa wakinikonyeza wamekoma. Gacheri amechinja kuku na hakungoja Jumapili. Amesema mtu aliyesubiri hivyo anastahili, na mimi nimeona fahari ambayo sijawahi kuiona kwa jambo langu mwenyewe. Mgongo wangu umechanjiana na mfalme.

Kaa huko, umalize. Mawe yako hayana miguu.

Mutembei


Glasgow
30 Oktoba 1984

Ndugu yangu Mutembei,

Najua ni muda. Kazi imenibana. Mwaka huu nimekuwa jaji, kisha askofu, na sasa kuna picha ambayo huenda ikatupeleka Uhispania. Watu wananisalimu barabarani kwa jina. Naogopa nimezoea.

Nimesoma gazetini kwamba kwenu kuna ukame. Je, mna chakula? Gacheri yu mzima? Usinifiche.

Nitakuja. Nikiketi kungoja zamu yangu huwa nakipitia kiwanja kichwani, naanza na mlango, ukitazama mlima. Kisha wananiita na sijafika kwenye dirisha.

Ninian


Nkubu
9 Mei 1988

Mugiciaro wangu,

Ulisema nisikufiche. Ukame ulipita, tulikula unga wa manjano wa msaada na tukaishi. Lakini tangu Desemba Gacheri amepooza upande wa kulia. Alikuwa anachuma kahawa, akakaa chini, akaniambia mkono umelala. Madaktari wa hapa Nkubu walifanya waliloweza. Nimestaafu mapema ili nimtunze. Namwosha, namlisha, namgeuza. Makandi ameolewa Embu na huja akipata nafasi. Mke wa Thuranira ana watoto wadogo na mimi sitaki kumwekea mzigo huu.

Sikujua kwamba mwili wa mtu mwembamba ni mzito hivi. Jioni mgongo wangu huniuma mpaka nakosa pa kuuweka.

Thuranira ameniuliza kuhusu kiwanja. Anataka kujenga, na shamba lililobaki lina kahawa. Nilimwambia kina mwenyewe. Akasema mwenyewe ana miaka zaidi ya ishirini hajaonekana. Nikamwambia na mvua ya mwaka wa themanini na nne haikuonekana, na hatukumpa mtu mwingine mawingu. Hakucheka. Siku hizi hacheki.

Gacheri hasemi vizuri, lakini nilipomwambia nakuandikia alisema neno. Nadhani lilikuwa "farasi".

Mutembei


Glasgow
17 Juni 1988

Ndugu yangu,

Sina maneno ya Kiswahili ya jambo hili, na ya Kiingereza niliyo nayo yote ni ya wahusika niliowaigiza. Namtumia shuka mbili za pamba laini. Wanasema zinazuia vidonda vya mgongo. Zigeuze kila asubuhi.

Kama Thuranira anahitaji kiwanja, mpe. Hapana. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo mtu mwema angeandika. Tafadhali usimpe bado.

Ninian


Nkubu
2 Desemba 1992

Mugiciaro wangu,

Barua zako tatu nimezipata. Unisamehe kwa kukawia kukujibu, macho yangu hayataki tena mwanga wa taa.

Kiwanja kipo. Shuka zilifanya kazi nzuri. Gacheri anakusalimu.

Mutembei


Glasgow
4 Septemba 1996

Ndugu yangu Mutembei,

Nimeketi mbele ya karatasi hii tangu nilipokunywa chai. Nitaandika kabla sijaanza kuipamba.

Sikuwa mfalme. Nilikuwa mwigizaji wa akiba wa mfalme. Nilijifunza maneno yake yote, hilo ni kweli, nikakaa nyuma ya pazia wiki kumi na moja nikingoja augue. Hakuugua hata mafua. Nilikuandikia siku waliponiajiri, na nilijiambia nitakusahihishia katika barua itakayofuata. Kisha ikaja barua yako ya kuku. Mutembei, mlimchinja kuku. Baada ya hapo sikuweza.

Daktari wa televisheni nilikuwa, kwa vipindi vitatu, halafu mwandishi akachoka naye akamgongesha na lori. Jaji na askofu hawakuwapo. Uhispania haikuwapo. Ninakumbuka nilipoandika Uhispania nilikuwa nimetoka kupanga foleni ya wasio na kazi.

Kilichonimaliza ni hiki. Mwaka wa themanini na tatu nilikuwa mchungaji katika mchezo fulani kule Perth. Sehemu ndogo, namzika mtu, nasema mistari tisa. Nilifungua Biblia nikasimama. Hakukuwa na kitu kichwani. Sikujua hata nani amekufa. Nilisimama hivyo mpaka yule mwenzangu aliyekuwa maiti akaninong'oneza mstari kutoka ndani ya jeneza. Watu walicheka mpaka wakapiga makofi. Nilimaliza, nikaenda chooni nikalia. Ilitokea tena, na tena, na watu wa kazi hii huambiana.

Tangu mwaka wa themanini na tano nimekuwa bawabu wa mlango wa nyuma wa jumba moja la michezo. Natunza funguo, naandika majina ya waigizaji wakiingia. Vijana walikuwa wakiniuliza kama niliwahi kupanda jukwaani, nikawaambia nilikuwa fundi bomba. Mwezi wa Julai nilimfungia mtu ndani, nikaenda nyumbani. Wameniambia nipumzike.

Daktari, wa kweli, amenieleza. Mambo yatakuwa yananitoka, ya karibuni kwanza, ya zamani mwisho. Nilimuuliza ya zamani kiasi gani. Akasema ya utotoni ndiyo hukaa zaidi. Basi nitabaki na karakana ya baba na mlima, na hapa Glasgow hakuna mtu hata mmoja ambaye nitaweza kuzungumza naye mambo hayo.

Nimekudanganya kwa miaka kumi na tisa. Kila uliponiandikia habari za ugonjwa wa Gacheri nilijiuliza kama ni mimi niliyemlaza mkono ule. Sijui kama naamini jambo hilo. Najua nililiogopa.

Sasa nakuuliza, na usome pole pole. Siombi kwa giciaro. Sheria ile nimeivunja, sina haki ya kuitumia. Nauliza kama mtu yeyote anavyobisha hodi, na mwenye nyumba anaweza kukaa kimya. Je, nije? Sihitaji kujenga. Chumba kinatosha. Unaweza kukataa.

Ninian


Nkubu
15 Oktoba 1996

Ninian,

Makandi amekuja kutoka Embu na ndiye anayeniandikia, kwa sababu macho yangu yamebaki na ukungu tu. Kila neno ni langu. Nimemkataza kulainisha.

Kuhusu mfalme, nimecheka. Nilicheka kwanza, kisha nikakasirika, kisha nikamkumbuka yule kuku. Alikuwa mzee, ungemkuta mgumu. Jambo hilo nimelisamehe, kwa sababu mimi sina mdomo wa kukuhukumu.

Gacheri alifariki tarehe tisa Juni 1991. Nilipokuandikia kwamba anakusalimu alikuwa na mwaka mmoja na nusu chini ya ardhi. Na ardhi yenyewe ni kiwanja chako. Shamba lote lilikuwa limeshapewa Thuranira, hati ni yake, na kwingine kote kulikuwa kahawa. Thuranira alitaka tumzike chini kule kwenye majimaji. Nilisema hapana. Sehemu pekee iliyokuwa bado mkononi mwangu ilikuwa yako. Mawe yako manne ndiyo niliyowaonyesha wachimbaji.

Ningekuomba, ungenipa. Usingeweza kukataa. Lakini ningelazimika kwanza kuandika kwamba amekufa, na sikuweza. Halafu ningelazimika kuandika kwamba mahali pako hapapo tena, na hilo nalo sikuweza, kwa sababu katika kila barua yako ulikuwa unakuja. Nilijiambia: acha huyu mmoja aendelee kuja. Ikiwa uongo huleta mabaya, basi sisi wawili tulishindana. Mimi nimeyangoja mabaya miaka mitano sasa. Nimeona yale yanayompata kila mtu, hakuna la ziada.

Sasa swali lako. Umesema naweza kukataa, na nimekaa na ruhusa hiyo siku nne. Kila asubuhi niliamka nikasema nitakuandikia uje. Ni rahisi kusema. Karibu ni neno ambalo mdomo wangu unalitoa peke yake.

Ninian, usije.

Sina nyumba. Nyumba ni ya Thuranira, na mimi nalala katika chumba kilichokuwa cha mbegu za viazi. Chakula huletwa na mke wake, na si mtu mbaya, lakini sahani akiiweka naisikia jinsi anavyoiweka. Hilo ni nusu ya sababu, na ningeweza kujificha nyuma yake. Nusu nyingine ni mimi. Nilimwosha Gacheri miaka mitatu na nusu. Nilimpenda, na mwishoni nilikuwa naomba afe, nikienda kuchota maji naomba, nikirudi naomba. Wewe utasahau jina langu, utasahau choo, utanipiga ukidhani mimi ni mwizi. Nimeyaona hayo kwa wengine. Mikono ya kumwosha mtu mwingine sina tena, wala macho. Nimechoka, ndugu yangu. Nimechoka mpaka sioni haya kukuambia.

Hapa Makandi ameacha kuandika, ameniuliza kama nina hakika. Nimemwambia aandike.

Hukuomba kwa giciaro, kwa hivyo nimekataa bila kuvunja kitu. Lakini mimi sheria ile sijaiacha, na sasa ninaitumia, kwa mara ya kwanza tangu Kibirichia. Hili ninaomba kwa giciaro. Uniandikie kila mwezi, na uandike ukweli mtupu. Sitaki barua nzuri. Niandikie umekula nini. Niandikie umepotea wapi. Siku usipoweza, mtu mwingine aandike kwamba hukuweza. Makandi atanisomea, na akiwa hayupo nitamtafuta mtu hata sokoni.

Mutembei


Glasgow
12 Novemba 1996

Mutembei,

Leo ni Jumanne. Asubuhi nilikula uji, mchana viazi na samaki wa kopo. Samaki alikuwa na chumvi nyingi.

Jumamosi nilipotea kwa saa nzima katika mtaa ambao nimeupita miaka kumi na mitatu. Niliketi kwenye kituo cha basi mpaka ukarudi. Niliogopa. Mama mmoja aliniuliza kama ninahitaji msaada, nikamwambia namngojea mtu, na nadhani aliona kwamba nasema uongo.

Kuna nyumba ya wazee kusini mwa mji ambako wamenipa kitanda kuanzia Januari. Nimeenda kuitazama. Ni safi, ina harufu ya kabichi. Chumbani tutakuwa wawili. Mwenzangu ni fundi mstaafu wa meli ambaye hasikii.

Jibu lako nimeliandika mara tatu. Katika la kwanza nilisema nimekuelewa kabisa, usijilaumu, na nikaeleza kwa nini ulifanya sawa. Lilikuwa zuri sana. Ningeweza kulisema jukwaani na watu wangenyamaza. Nimelichana. La pili lilikuwa la hasira na lilikuwa na mambo ya uongo pia, kwa hivyo nalo nimelichana.

Kwa Gacheri nimelia. Nimelia kwa ajili yake na kwa ajili yangu pamoja, na sikuweza kujua wapi kimoja kinaishia. Kiwanja ni chake. Ningempa hata bila giciaro. Hilo nimelipima mara kadhaa na naona ni kweli.

Na hili pia ni kweli, kwa sababu uliomba na siwezi kukukatalia. Nilitaka kukuandikia kwamba sikuumia. Nimeumia, Mutembei. Nilikuwa nimefunga sanduku kabla ya kukuuliza, na nililifunga nikiimba. Bado sijalifungua. Nikitaka shati nainua kifuniko kidogo, naingiza mkono, navuta lililo karibu.

Ninian